Pakiti: kipande kidogo kinachobeba intaneti nzima

Ukimtumia ndugu yako faili la picha lenye megabaiti 3, picha hiyo haisafiri ikiwa nzima. Kabla haijatoka kwenye simu yako imeshakatwa vipande elfu mbili na ushei, maana mitandao mingi haipitishi kipande kinachozidi baiti 1,500. Kila kipande kinaandikwa anwani ya kinakotoka, anwani ya kinakokwenda na namba inayoonyesha mahali pake katika picha. Kipande hicho ndicho kinachoitwa pakiti. Ukiondoa mbwembwe zote, kazi ya intaneti ni moja tu: kuipokea pakiti, kusoma anwani yake na kuisogeza mbele hatua moja.

Siku hizi tunaona ni jambo la kawaida, lakini wataalamu wa simu wa miaka ya 1960 waliliona la ajabu. Simu ya waya ilifanya kazi kwa kufunga njia. Ukipiga, mitambo inaunganisha waya kutoka kwako mpaka kwa mwenzako, na njia hiyo inakuwa yenu wawili hadi mmoja akate. Hata mkinyamaza, mwingine hawezi kuipitia. Kwa watu haikuwa hasara kubwa, kwa sababu mtu akishika simu huwa anaongea. Kompyuta haina tabia hiyo. Inatema herufi kadhaa kwa nusu sekunde, kisha inakaa kimya dakika nzima ikimngoja binadamu afikiri na kubonyeza. Ukiifungia njia yake peke yake, unalipia ukimya.

Wazo la kukata ujumbe vipande liliwajia watu wawili ambao hawakuwa wakijuana. Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND huko California, alikuwa akiwazia vita: Wasovieti wakilipua vituo vikuu vya simu, jeshi la Marekani litawasiliana vipi? Jibu lake, alilolichapisha kwa kirefu mwaka 1964, ni kwamba kusiwe na kituo kikuu. Vitandazwe vituo vingi vidogo, kila kimoja kishikane na majirani kadhaa, na kila kipande cha ujumbe kijitafutie njia iliyobaki. Kampuni ya simu ya AT&T haikutaka kulisikia. Mwaka 1965, Donald Davies wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza alifikia wazo lilelile akitokea upande mwingine kabisa. Yeye alikuwa akitafuta namna ya watu wengi kutumia kompyuta bila kupotezeana muda. Jina la pakiti limetoka kwake.

Kwa hiyo ile hadithi maarufu kwamba intaneti iliundwa ili ihimili bomu la nyuklia inachanganya mambo mawili. Bomu lilikuwa hoja ya Baran. ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, ulianza kwa sababu ya kawaida zaidi, yaani gharama. Mwaka 1966 Bob Taylor, ofisa wa shirika la utafiti la ARPA pale Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, alikuwa na terminali tatu ofisini kwake, yaani vifaa vya kuandikia na kusomea vilivyounganishwa na kompyuta za mbali: moja ya kompyuta iliyoko Santa Monica, ya pili ya Berkeley, ya tatu ya chuo cha MIT. Akitaka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, ilimbidi ahame kiti. Huku nyuma kila chuo kilikuwa kinadai kinunuliwe kompyuta yake, na kompyuta za wakati huo hazikuwa za bei ya kuchezea.

Kilichojengwa kilikuwa mashine yenye ukubwa wa friji, iliyotengenezwa na kampuni ya BBN kutokana na kompyuta ya Honeywell. Kila kituo kilipewa moja, na kazi yake ilikuwa kupokea pakiti, kuangalia anwani na kumpasia jirani. Ruta iliyoko nyumbani kwako ni mjukuu wake. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mnamo saa nne na nusu, mwanafunzi Charley Kline aliyekuwa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles katika jimbo la California, alianza kuandika neno LOGIN ili aingie kwenye kompyuta ya taasisi ya SRI, kaskazini mwa jimbo hilohilo. L ikafika. O ikafika. Alipoandika G, programu ya upande wa pili ikaanguka. Walirekebisha, na baada ya kama saa moja wakafanikiwa. Kufikia Desemba vituo vilikuwa vinne.

Hatua ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote ilikuja baadaye, na haikuwa mashine. ARPANET ilijitwika mzigo wa kuhakikisha kila pakiti imefika. Lakini kufikia miaka ya 1970 kulikuwa na mitandao ya redio, kama ule wa Hawaii, na ya satelaiti, ambako pakiti hupotea hewani mara kwa mara. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Vint Cerf na Bob Kahn, walipendekeza kwamba mtandao uruhusiwe kupoteza pakiti. Kuhesabu na kudai zilizopotea kuwe kazi ya kompyuta mbili za mwisho, anayetuma na anayepokea.

Chukua kitabu cha kurasa 300 kinachotakiwa kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha. Kichane, upe kila ukurasa namba, kisha ugawe kwa abiria wa mabasi mbalimbali. Wengine watapita Segera na Moshi, wengine Dodoma na Babati. Hakuna dereva anayejua amebeba nini. Wa Arusha anapanga kurasa kadiri zinavyoingia na kumjulisha wa Dar alizopata. Wa Dar akiona hajathibitishiwa ukurasa wa 47, anatoa nakala na kuutuma tena. Utaratibu huo ndio TCP, nao wa anwani na njia ndio IP. ARPANET ilihamia rasmi kwenye itifaki hizi, yaani kanuni za mawasiliano, tarehe 1 Januari 1983. Wavuti, ambayo Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989, ilikuja kupanda juu ya itifaki hizo tu.

Pakiti haijali mipaka ya nchi, inafuata njia iliyopo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baruapepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya mjini humohumo, iwapo zilitumia kampuni tofauti za intaneti, ilipanda satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu, ikaenda ng'ambo, halafu ikarudi. Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana pakiti, KIXP. Telkom Kenya ikalalamika kwamba kinaingilia haki yake ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa, ingawa pakiti zenyewe hazikuwa zinatoka Nairobi, na mdhibiti wa mawasiliano wa Kenya akakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002, na safari iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima ikashuka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Mei 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika, na watu wa Tanzania na majirani zake wakaona kinachotokea njia zikipungua. Baran alikuwa sahihi kwamba pakiti itatafuta njia nyingine, ila njia hiyo lazima iwepo na iwe na nafasi. Foleni ya ruta ikijaa, pakiti inayofuata inatupwa. Hali ikiwa hivyo, ujumbe wa maandishi hufika umechelewa lakini mzima, kwa sababu kilichopotea kinatumwa tena. Simu ya sauti ndiyo inayokatakata, kwani programu zake kwa kawaida haziombi pakiti irudiwe. Neno lililochelewa sekunde tatu halina nafasi tena kwenye maongezi.