Kutegemea neema ya Mungu wakati wa udhaifu: maana yake ni nini?

Mkristo anaposema anategemea neema ya Mungu katika udhaifu wake, anakiri mambo mawili kwa mpigo: kwamba nguvu zake zimefika mwisho, na kwamba Mungu hangoji apate nafuu ndipo amsaidie. Basi anaendelea kuomba, kuishi na kufanya kinachowezekana akiwa vilevile alivyo. Kwa kifupi dhana yenyewe ni hiyo. Ugumu huja inapotumika vibaya, na hutumika vibaya mara nyingi.

Neema ni wema na msaada wa Mungu unaotolewa bure kwa mtu asiyeustahili. Waumini wengi wakilisikia neno hili mawazo yao hukimbilia wokovu, na hawajakosea, kwa kuwa Waefeso 2:8 husema wazi, “mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani.” Ila wengine huishia hapo hapo, kana kwamba neema ni ya siku ya kuokoka tu, na kuanzia kesho yake kila mtu ajikaze kisabuni. Waraka kwa Waebrania hauruhusu hesabu hiyo. Sura ya 4, mstari wa 16, inawaalika watu ambao tayari ni waumini wakikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, “ili tupewe rehema, na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji.” Mstari uliotangulia unaeleza ujasiri huo unatoka wapi: Kuhani Mkuu wetu alijaribiwa sawasawa na sisi, naye anaweza kuchukuana nasi katika udhaifu wetu.

Tazama kwamba hapo panatajwa rehema na neema pamoja. Rehema anaihitaji aliyekosa. Neema ya kusaidia anaihitaji aliyeelemewa. Mara nyingi mtu huyo ni mmoja, lakini si kila aliyeelemewa ana kosa la kutubu. Mama aliyechoka kwa kumuuguza mtoto hana dhambi ya kuungama kwa sababu tu amechoka. Katika 2 Wakorintho 12:10 Paulo anataja mambo anayoyaita udhaifu na yanayoandamana nao: ufidhuli anaofanyiwa, misiba, adha, shida. Hakuna uongo wala uzinzi katika orodha hiyo. Kwa hiyo anayeitetea tabia yake mbaya kwa kusema “huo ndio udhaifu wangu, neema ipo” anatumia maneno ya Paulo kwa jambo ambalo Paulo hakulisema. Dhambi nayo ina neema yake, ila njia yake hupitia toba, na Warumi 6 imekwisha kumjibu anayetaka kudumu katika dhambi ili neema iwe nyingi: hasha!

Mahali dhana hii inapoelezwa wazi zaidi ni sura ile ile ya 12 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, na haieleweki vizuri bila kujua ugomvi uliokuwapo. Paulo aliandika akiwa Makedonia, katikati ya miaka ya 50 B.K. Korintho ulikuwa mji wa biashara uliojengwa upya na Warumi kuanzia mwaka 44 K.K., mji wa watu wanaopanda vyeo, ambako msemaji hodari aliheshimiwa sana. Kanisani walikuwa wameingia wahubiri ambao Paulo, kwa kejeli, anawaita mitume walio wakuu. Walijisifu kwa ukoo wao na ufasaha wao. Kumhusu Paulo ilisemwa kwamba nyaraka zake ni nzito, lakini akija mwenyewe ni dhaifu na maneno yake si kitu.

Angeweza kujibu kwa kutaja makanisa aliyoanzisha. Badala yake, katika sura ya 11, anajisifu kinyumenyume. Anahesabu viboko: mara tano mapigo arobaini kasoro moja kutoka kwa Wayahudi, mara tatu bakora, mara moja mawe. Mara tatu alivunjikiwa jahazi. Njaa, kiu, baridi, usiku wa kukesha. Halafu anafunga orodha kwa tukio ambalo mtu mwenye kujali heshima yake asingelisimulia mbele za watu: kule Dameski, liwali wa mfalme Areta alipokuwa akimwinda, walimtia katika kapu wakamteremsha kupitia dirisha la ukutani, akatoroka. Nadhani alilichagua kwa makusudi. Wakati wapinzani wake wakisimulia ushindi, mtume wa Mataifa anawasimulia alivyoning'inia ndani ya kapu.

Ndipo anafika kwenye mwiba. Anasema alipewa mwiba katika mwili, mjumbe wa Shetani wa kumpiga, asije akajivuna kwa wingi wa mafunuo aliyoyapata. Mwiba gani? Watu wamebishana kwa karne nyingi. Wapo wanaosema ni macho, kwa kuwa aliwaandikia Wagalatia kwamba wangekuwa tayari kung'oa macho yao wampe. Wengine wanasema homa, wengine kifafa, wengine ni watu waliomsumbua. Paulo hakutaja, na naona kunyamaza kwake kumewafaa wasomaji: angesema ni macho, leo mwenye maumivu ya mgongo angeuona mstari huu kuwa wa wengine.

Alimsihi Bwana mara tatu umtoke. Jibu likawa: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Tusilipambe jibu hilo haraka, kwa sababu kwa upande wa ombi lenyewe lilikuwa hapana. Mwiba ulibaki, wala Paulo hakuambiwa kwamba hauumi. Alichopewa ni ahadi kwamba Kristo atakuwa naye ndani ya hali hiyo hiyo, na kwamba uweza wa Kristo hauhitaji nguvu za Paulo kama mtaji wa kuanzia. Kutokea hapo ndipo akaweza kusema, “niwapo dhaifu ndipo nilipo na nguvu.” Hakusema udhaifu ni nguvu. Udhaifu ni udhaifu; ila anapokuwa nao, nguvu inayofanya kazi inajulikana wazi kuwa si yake.

Wazo hilo halikuanza na Paulo. Gideoni, alipokwenda kupigana na Wamidiani, alikuwa na watu 32,000, wakapunguzwa hadi 10,000, kisha hadi 300, ili Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao wenyewe ndio uliowaokoa. Lakini kwangu mimi, anayeonyesha vizuri zaidi udhaifu ukikutana na neema ni nabii Elia, katika 1 Wafalme 19. Ametoka kuwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Malkia Yezebeli anatuma ujumbe kwamba atamuua, naye anakimbia mpaka jangwani. Anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Yatosha, anasema, aondolewe roho yake. Kisha analala.

Sasa angalia Mungu anafanya nini. Hamkemei kwa kukosa imani wala hamkumbushi ushindi wa juzi. Malaika anamgusa na kumwambia, inuka, ule. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Elia anakula, anakunywa, na kulala tena, bila kusema hata asante. Malaika anarudi mara ya pili na kumwambia ale, kwa maana safari hiyo ni kubwa mno kwake. Kwa nguvu za chakula hicho alikwenda siku arobaini mchana na usiku hadi Horebu, na huko ndiko yalikofanyika mazungumzo. Chakula na usingizi vilitangulia, maswali yakafuata. Wapo wanaomlaumu mgonjwa wa sonona kwamba haombi vya kutosha. Hao waisome sura hii taratibu, hasa pale Elia anapolala mara ya pili.

Kwa maisha ya kawaida, kutegemea neema huonekana katika mambo madogo sana. Chukua mtu anayemhudumia mzazi aliyepoteza kumbukumbu. Saa tisa usiku mzazi ameamka kwa mara nyingine, anamwita kwa jina la mtu mwingine, na shuka imelowa tena. Hasira inampanda, kisha aibu ya kukasirika. Hana nguvu ya sala ndefu. Anachoweza kusema huku akivua foronya ni yale maneno ya mwanamke Mkanaani, “Bwana, unisaidie,” basi. Sala hiyo inatosha. Hata ikikosekana, Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Huenda asijisikie chochote baada ya hapo. Atabadilisha shuka, na asubuhi atampigia ndugu yake simu amwambie kwamba peke yake hawezi tena. Simu hiyo nayo ni sehemu ya kutegemea neema. Wengi wetu tunajificha nyuma ya “Mungu yupo” kwa sababu tunaona haya kuomba msaada kwa binadamu.

Je, kutegemea neema si kubweteka? Swali hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio, mwalimu aliyetoka Britania, alichukizwa na sala ya Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliyemwomba Mungu ampe kile anachomwamuru. Pelagio aliona maneno hayo yatawafanya watu wazembe: kama Mungu ameamuru, binadamu anaweza, na afanye. Agostino (354–430) alishikilia kwamba hata kutaka mema tunasaidiwa, na mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagio. Baadaye Wakatoliki na Waprotestanti walitofautiana vikali kuhusu namna neema inavyomhesabia mtu haki, lakini kwamba binadamu hajiwezi bila neema, hapo wote wanakubaliana.

Hofu ya Pelagio ninaielewa, ila Paulo mwenyewe anaijibu kwa mfano wa maisha yake. Katika 1 Wakorintho 15:10 anasema kwa neema ya Mungu amekuwa hivi alivyo, na papo hapo anasema alizidi kufanya kazi kuliko mitume wenzake wote, “wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami.” Alitembea, alishona mahema, aliandika, alibishana. Mtu huyo hakubweteka. Neema ilimwondolea kitu kingine, nacho ni mzigo wa kuthibitisha thamani yake kwa kazi hiyo.

Vivyo hivyo neema haishindani na dawa. Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara. Naye Paulo alimwacha mwenzake Trofimo mjini Mileto akiwa mgonjwa. Hatuambiwi kwamba alimkemea kwa imani haba. Anayeacha vidonge ili kuonyesha kwamba anategemea neema hana mfano wa kufuata katika nyaraka hizo.

Matumizi mabaya yanayoniudhi kuliko yote ni pale mstari wa mwiba unapogeuzwa kuwa kufuli la midomo. Mke anayepigwa anaambiwa avumilie, neema yatosha. Mfanyakazi anayedhulumiwa mshahara anaambiwa huo ni mwiba wake. Turudi kwenye maandiko: maneno yale Kristo alimwambia Paulo mwenyewe, baada ya Paulo kulia mara tatu aondolewe mateso. Hakuna aliyesimama pembeni, mzima wa afya, akamwambia Paulo kwamba neema inamtosha. Paulo huyo huyo, walipokuwa wamemfunga ili wampige mijeledi Yerusalemu, alidai haki yake ya uraia wa Kirumi, na viboko havikupigwa. Kukimbia hatari hakupingani na neema. Alishateremshwa kwa kapu.

Wala hakuna sheria ya kuomba mara tatu kisha kukoma. Paulo aliacha kuomba kwa sababu alijibiwa. Asiyepata jibu aendelee kuomba, na akitaka kulalamika, Zaburi ya 88 imemtangulia: inaanza kwa kilio na kuisha gizani, bila mstari wa shukrani mwishoni, na bado imo katika Biblia.

Jambo la mwisho mara nyingi husahaulika: neema hiyo hufika kwa njia gani? Waraka ule ule wa 2 Wakorintho unajibu kabla hata ya kufika kwenye mwiba. Katika sura ya 7 Paulo anasema walipofika Makedonia miili yao haikupata nafuu, nje palikuwa na vita, ndani hofu, na Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, akawafariji “kwa kuja kwake Tito.” Mtu alifika na habari njema kutoka Korintho, na Paulo akahesabu kwamba aliyemfariji ni Mungu. Sura ya 8 inaendelea kuizungumzia neema, na safari hii ni fedha: makanisa ya Makedonia, yenyewe yakiwa katika umaskini mkubwa, yalisihi sana yaruhusiwe kuchangia watakatifu wa Yerusalemu, na Paulo anauita mchango huo neema. Kwa hiyo anayetaka kumwambia mgonjwa kwamba neema ya Mungu inatosha anaweza kuanza kwa kwenda kwake, akae naye, na aulize nauli ya hospitali imepatikana au bado.