Je, wajua kwa nini kuwaondoa nyati kuliwapunguzia ndege makazi huko Keoladeo?

Kila mwaka, baridi inapogandisha maziwa ya Siberia na Asia ya Kati, maelfu ya bata na mabata bukini huruka kuelekea kusini, baadhi yao wakivuka milima ya Himalaya, hadi Hifadhi ya Taifa ya Keoladeo, jirani na mji wa Bharatpur katika jimbo la Rajasthan nchini India. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 29 tu, na sehemu kubwa ya ardhioevu yake imetokana na kazi ya mikono ya watu, kwani watawala wa Bharatpur walijenga matuta na milango ya maji ili bonde lijae mvua zinaponyesha, wapate kuwinda bata. Mwaka 1938, kwa siku moja, walipigwa risasi ndege zaidi ya 4,000.

Uwindaji ulipokwisha, lawama za kuwaharibia ndege makazi zikaelekezwa kwa mifugo. Mwaka 1982 wanavijiji walikatazwa kuchunga humo nyati wao wa kufugwa, marufuku iliyozua ghasia zilizogharimu maisha ya watu. Na hilo, kwangu, ndilo jambo chungu kuliko yote, kwa sababu marufuku yenyewe haikuwafaa ndege.

Kuna nyasi iitwayo kitaalamu Paspalum distichum, ambayo hutambaa katika maji ya kina kifupi, kila pingili ikitoa mizizi na chipukizi, mpaka shina moja lisuke mkeka mzito. Palipokuwa na nyati, mkeka huo haukuwahi kukamilika, maana walikuwa wakiula na kuukanyaga mchana kutwa. Walipoondolewa, nyasi ilifunika madimbwi: bata wakakosa maji ya wazi ya kutua na kuogelea, samaki wakapungua, na ndege waliowategemea kwa chakula wakapungua nao. Watafiti wa Jumuiya ya Historia ya Asili ya Bombay, waliokuwa wakiichunguza hifadhi hiyo miaka ya 1980, walitegemea kuuona mfugo ukiwa adui, lakini matokeo yao yakaonyesha kwamba nyati ndiye aliyekuwa akilifungua ziwa.

Baadaye wanavijiji waliruhusiwa kuingia kukata majani. Hata hivyo, mundu hukata kile ambacho mkono unakifikia, ilhali nyati huingia majini hadi shingoni, akazamisha pua, akang'oa shina lililo chini.