Akitulia ukiwepo, hujajua kitu bado

Wiki hii nimelisikia tena: "wangu ana nidhamu bwana, nikimkata jicho tu anatulia." Mzazi anasema anatabasamu kabisa, nami nikiuliza na usipokuwepo je, jibu ni lile lile, "ah, hapo sasa ndo shida, anapiga wadogo zake, daftari hagusi." Sasa nidhamu iko wapi hapo? Lililofanya kazi ni jicho lako.

Kudhibiti ni kazi ya mkubwa: umefunga mlango, umeficha simu, umepandisha sauti, mtoto kanyamaza. Kunahitajika, sibishi, wa miaka 2 akikimbilia barabarani huanzi mjadala, unamdaka. Nidhamu anaibeba mtoto mwenyewe na inachukua miaka, maana sehemu ya mbele ya ubongo inayozuia pupa inaendelea kukomaa mpaka miaka 20 na ushee.

Kinachonikera ni kwamba hili lilishapimwa zamani. Mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake kule Marekani, matokeo yametoka 1939, waliweka wavulana wa miaka kama 10 kwenye vikundi vya kazi za mikono. Kuna waliopewa kiongozi wa amri tupu, kuna waliopewa wa kupanga nao. Wale wa amri waliokubali kutii walichapa kazi kweli kiongozi akiwepo, tena kuwazidi wenzao, ila akitoka chumbani kazi inaporomoka, wakati wale wa kupanga pamoja waliendelea karibu vilevile. Unaona mtego ulipo? Mzazi mkali anampima mtoto akiwa mbele yake, yaani muda ule ule ambao ukali unaonekana umeshinda, halafu anakuja kubishana na mimi kwa ushahidi huo huo!

Na msinigeuzie kibao eti basi tuwaachie. Kikundi cha tatu cha Lewin kiliachiwa kijifanyie, kazi ikawa haba. Sheria ziwepo, tena zisiyumbe.

Chukua TV. Mmekubaliana mapema, katuni ikiisha anazima yeye. Imeisha. Anakuangalia, anaangalia rimoti, anaangalia majina ya mwisho yanapita, kidole kinasogea kinarudi. Hapo ndo anajifunza kujizuia, na hapo hapo mzazi uvumilivu unamwisha anapora rimoti na kuzima mwenyewe kwa hasira. Subiri! Akigoma kabisa zima, bila hotuba, na kesho anapewa nafasi tena. Inachosha, najua, kufoka ni rahisi zaidi.

Ila fani yetu ya malezi nayo isijifanye inajua kila kitu. Mtoto mtulivu kwa asili anamrahisishia mzazi kuwa mpole, msumbufu anamvuta mzazi kwenye ukali, kwa hiyo nani kamtengeneza nani si rahisi kusema. Hata lile jaribio maarufu la mwanasaikolojia Walter Mischel, mtoto anaachiwa peremende moja akisubiri apewe mbili, tulilihubiri miaka kama utabiri wa maisha, yaani anayeweza kusubiri ndo atafanikiwa mbeleni, na liliporudiwa kwa watoto wengi zaidi, 2018, sehemu kubwa ya utabiri ule ilinywea walipozingatia hali ya nyumbani. Ndo maana mzazi akiniletea mtoto "asiyejizuia" siku hizi naanza kuuliza kwanza analala saa ngapi, kala nini, na ahadi anazopewa nyumbani huwa zinatimizwa au la.