"Hilo si neno," mnasema. Ni nini basi?

Juzi tena. Nilirudisha mswada wa ripoti ya Kiingereza, na pambizoni nilikuwa nimeandika kwamba irregardless (yaani "bila kujali") halifai pale, awekewe msomaji regardless, lenye maana ile ile. Mwenye mswada akanijibu kwa bashasha: "Asante mhariri, nilijua tu hilo si neno." Haya. Mimi nimesema halifai, yeye kasikia halipo. Miaka yote hii ya kuhariri na kuhangaika na fasili za kamusi sijawahi kutamka sentensi hiyo, na bado kila mara nawekewa kinywani.

Kama si neno, umelielewaje? Umelisoma, maana ikakuingia, ukakereka. Lina tahajia moja inayojulikana, linakaa mahali pa kielezi, halithubutu kukaa mahali pa nomino. Limekuwa likichapishwa tangu mwishoni mwa karne ya 18. Merriam-Webster, wachapishaji wa kamusi wa Marekani, waliliingiza mwaka 1934, na hadi leo lina alama ya kwamba si sanifu, alama ambayo wanaolalamika hawaisomi. Kila baada ya miaka michache watu hugundua upya kwamba limo, kisha msiba unaanza. Mwaka 2020 walilia hivyo hivyo, na kidahizo chenyewe, yaani neno linalofafanuliwa kamusini, kilikuwa kimeshakaa humo miaka 86.

Na mkitaka kitu ambacho kweli si neno, kamusi ile ile ya 1934 inacho. Mhariri wa kemia alituma kikaratasi mwaka 1931 kueleza kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha densiti. Aliandika "D or d", yaani D au d. Kikaratasi kikaingia kwenye rundo lisilo lake, nafasi kati ya herufi zikamezwa, na kamusi ikachapishwa ikiwa na neno dord, maana yake densiti. Hakuna mtu duniani aliyewahi kulisema. Liligunduliwa mwaka 1939, mhariri mmoja aliposhtuka kwamba kidahizo hakina etimolojia, yaani maelezo ya asili ya neno. Sasa pimeni wenyewe: ndani ya jalada moja kuna irregardless, linalosemwa na watu wengi kuliko wanavyotaka kukiri, na kuna dord, lisilosemwa na yeyote. Aliyezoea kuhukumu kwa kufungua kamusi atalikubali la pili.

Ninachojaribu kusema ni kwamba maswali ni matatu na mnayapika chungu kimoja. Je, ni neno? Je, limo kamusini? Je, linafaa hapa? La kwanza hujibiwa na wanaolitumia. La pili hujibiwa na watu wachache wenye tarehe ya mwisho na kurasa zisizotosha. La tatu ndilo ninalolipwa kujibu, nalo halina uhusiano wa lazima na mawili yaliyotangulia. Matusi ya Kiingereza ni maneno halali kabisa, yamo kamusini, na sitayaacha kwenye ripoti yako.

Wengine huja na silaha ya "limebuniwa tu". Lipi halikubuniwa? Serendipity, bahati ya kukuta jema usilolitafuta, alilibuni mwandishi Mwingereza Horace Walpole katika barua ya mwaka 1754. Scientist ni la mwanazuoni Mwingereza William Whewell, miaka ya 1830, na wapo wanasayansi wa Uingereza walioendelea kulichukia hadi karne ile inakwisha. Edit lilinyofolewa kutoka editor, yaani mtenda alitangulia kitenzi chake. Pea, njegere, ni kosa tupu la sarufi: umoja ulikuwa pease, watu wakadhani ule mlio wa mwisho ni alama ya wingi, wakaukata. Leo ukiandika a pease ni mimi nitakayekusahihisha. Sisi tulioona maneno tarakilishi na ngamizi yakigombea kiti ambacho kompyuta ilikuwa imeshakikalia tulipaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko wenye Kiingereza chao.

Sarufi nayo, kwa haraka. Marufuku ya kihusishi mwishoni mwa sentensi: mshairi Mwingereza Dryden alilalamika mwaka 1672, akaenda hata kusahihisha maandishi yake ya zamani, na watu wamerithi lalamiko bila sababu. Marufuku ya kielezi kati ya to na kitenzi: woga wa karne ya 19. They ya umoja: ipo tangu karne ya 14. Anayeikataa kwa heshima ya historia aanze kwa kurudisha thou, "wewe" ya zamani, kwa sababu you ndiyo iliyokuwa ya wingi. Tuendelee.

Msinishangilie mapema, ninyi wa kambi ya "lugha hubadilika, kwa hiyo hakuna kosa". Ninyi mnanichosha zaidi. Kosa lipo. Dog the barked si Kiingereza cha mtu yeyote, popote. Tatizo ni kwamba makosa ya namna hiyo hayana wa kuyasahihisha kwa kuwa hayana wa kuyasema, kwa hiyo hasira yote humwangukia mtu mwenye sarufi nyingine. Chukueni Kiingereza cha Wamarekani weusi. She be working na she working hazibadilishani nafasi: ya kwanza ni mazoea, ya pili ni sasa hivi. Ukitumia be kwa jambo linalotendeka mbele ya macho yako, wenye lugha watakusahihisha. Msemaji wa Kiswahili, anayejua kwamba hufanya kazi si anafanya kazi, akiniambia huo ni uvivu wa kusema is, huwa nakosa la kumjibu.

Sasa langu. Discuss about nalikata kila ninapolikuta. Discuss sanifu haitaki kihusishi, basi. Lakini mamilioni ya wasemaji wa Afrika na Asia husema hivyo, kwa mantiki safi ya talk about, na wanaelewana bila shida. Linageuka lini kutoka kosa kuwa Kiingereza chao? Vitabu vya leksikografia, taaluma ya kutunga kamusi, vitakwambia neno huingizwa likitumiwa na wengi, kwa muda wa kutosha, kwa maana thabiti. Wengi wangapi? Muda gani? Nimekaa vikao ambavyo mizani ya mwisho ilikuwa sikio la mkubwa wa meza. Tena ushahidi tunaoupima hutoka zaidi kwenye maandishi yaliyochapishwa, ambayo yamekwisha kupita mikononi mwa watu kama mimi, na kila discuss about imekatwa njiani. Tunachuja maji, kisha tunaandika kwamba mto hauna mchanga. Sina dawa ya hilo, na kesho asubuhi nitaendelea kukata.

Yule mwenye mswada nilimweleza haya yote, kwa ufupi kidogo. Nikamwambia irregardless ni neno, lina umri mkubwa kuliko babu zetu, ila wasomaji wa ripoti yake wakilikuta wataacha kusoma hoja na kuanza kukadiria shule aliyosoma. Akafikiri, kisha akauliza: kwa kuwa ni neno, basi naweza kulirudisha?

Nikamwambia hapana.