Pinboli haikuzaliwa na vikono

Wengi hudhani mashine ya pinboli, ile meza ya mteremko yenye kioo juu ambamo gololi hurushwa kutafuta pointi, ilikuwa na vile vikono vya kupigia gololi tangu mwanzo. Sivyo. Kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilipotoa mashine yake ya Baffle Ball mwaka 1931, mchezaji alivuta springi, akaiachia, kisha akabaki kuitazama gololi ikigonga misumari mpaka itumbukie shimoni. Labda aitikise meza kidogo. Vikono vya umeme vilikuja 1947, kwenye Humpty Dumpty ya Gottlieb hiyohiyo, kazi ya mbunifu Harry Mabs: sita, vitatu kila upande, tena vikielekea nje! Kwangu hayo ni mageuzi makubwa kuliko yote, maana ustadi wa mchezaji sasa ulianza kuhesabika. Hata hivyo New York, iliyopiga marufuku pinboli 1942 ikiiona kamari, haikuiruhusu tena hadi 1976.