Mtoto wa mbwa anatapika na kuhara damu: maswali kabla hujafika kliniki

Mbwa wangu ana miezi mitatu, hajachanjwa. Jana alitapika, leo anahara damu. Nisubiri kesho?

Usisubiri. Kwa umri huo, bila chanjo, cha kwanza kushukiwa ni pavo. Virusi hivi huharibu utumbo na kushusha chembechembe nyeupe za damu, lakini kinachomuua mbwa haraka ni kuishiwa maji, pamoja na bakteria wanaopenya kutoka utumboni hadi kwenye damu. Mfunue mdomo, bonyeza ufizi mpaka pawe peupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mkavu unanata kidoleni na miguu imepoa, hata chai usimalizie. (Ila kama amebadilika tabia, anadondosha mate au ameuma mtu, usimguse mdomo: huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie, mpigie daktari.)

Jirani anasema nimpe maziwa.

Jirani ana nia njema, basi. Anayetapika usimnyweshe kwa nguvu, atapaliwa. Panadol, diklofenaki na ibuprofeni za watu ziache kabatini. Mviringishe kwenye kanga kuukuu, mwende.

Sina pesa. Kliniki ya msaada itampokea?

Piga simu kwanza, maana si kila moja ina daktari usiku, na kuendeshwa kwa michango si lazima iwe bure. Taja umri, chanjo, kutapika kulianza lini, na una shilingi ngapi. Watu huona haya kusema hili la mwisho, kumbe ndilo linalomsaidia daktari kupanga: dripu na dawa ya kuzuia kutapika mbele, vipimo vingine baadaye. Ukifika, usimweke chini. Subiri nje, sema unashuku pavo. Pale kwenye benchi kuna watoto wengine wa mbwa wasiochanjwa.

Atapona?

Wasiotibiwa wengi hufa. Wanaowahi dripu wengi hupona, ingawa huweza kulazwa siku kadhaa. Akiwa amezidiwa mno, daktari anaweza kushauri adungwe sindano ya kumpumzisha, yaani afe bila maumivu. Muulize waziwazi anaona nafasi gani.

Na kibanda chake?

Osha uchafu wote kwanza, ndipo umwage jiki, sehemu 1 kwa maji 30, ikae dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo, na virusi huweza kukaa humo mwaka mzima. Mbwa mwingine asiletwe hapo kabla hajamaliza chanjo, zinazoanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16.