Chuo cha Ryazan hakikuanza na miavuli

Wengi huamini kwamba chuo cha kijeshi cha Ryazan, Urusi, kinachofundisha maofisa wa askari wa miavuli (wanaoruka kutoka ndegeni), kiliasisiwa na Jenerali Vasily Margelov, kwa kuwa kinaitwa kwa jina lake. Sivyo. Mafunzo ya maofisa yalianza Ryazan mwaka 1918, Margelov akiwa bado mtoto asiyetimiza miaka 10, na waliofundishwa walikuwa makamanda wa askari wa miguu. Mafunzo ya miavuli hayakuwepo wakati huo: kikosi cha kwanza cha miavuli cha Kisovieti, watu 12 tu, kiliruka kutoka ndegeni karibu na Voronezh tarehe 2 Agosti 1930, siku ambayo hadi leo ni sikukuu ya askari hao.

Shule ya miavuli yenyewe ilizaliwa Kuybyshev (leo Samara, Urusi) mwaka 1941, wakati wa vita, ikahamahama hadi Alma-Ata (leo Almaty, Kazakhstan), na mwaka 1959 ikaunganishwa na ile ya Ryazan. Margelov, aliyeanza kuviongoza vikosi vya miavuli mwaka 1954, ana sifa yake katika muungano huo; jina lake, hata hivyo, chuo kilipewa mwaka 1996, miaka 6 baada ya kifo chake.